Bastola gani, risasi gani? Jibu kwa mwenye duka wa Kongowea

Swali: "Assalaam aleikum mwalimu. Nina duka la jumla karibu na soko la Kongowea, na nyumbani ni Kisauni, ghorofa ya pili. Nimevamiwa mara mbili nikifunga duka. Nimeomba leseni ya bastola, nimepita ukaguzi, na sasa natakiwa nichague. Jamaa mmoja aniambia nichukue ya .45 kwa kuwa risasi moja tu yamwangusha mtu. Mwengine aniambia nichukue kibastola cha .380, hukaa mfukoni mwa kanzu na hakuna atakayejua. Na risasi je, zile za kawaida au zenye tundu kichwani? Nina mke na watoto watatu. Mlango wa chumba chetu watazama sebule, na sebule nimeigawa kwa plaiwudi ili kijana wangu mkubwa apate chumba chake. Nisaidie."

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole sana. Kufunga duka kila jioni huku masikio yako yakisikiliza nyayo za nyuma si maisha, na sitakudharau kwa kutaka kujilinda.

Nianze na jibu lenyewe. Chukua bastola ya milimita 9, ile ambayo pakiti ya risasi zake imeandikwa 9×19 au Parabellum, ya ukubwa wa kati: mtutu wa sentimita 10 hivi, na mpini unaotosha vidole vyako vitatu vya chini bila kimoja kuning'inia. Siku za kuibeba, tia risasi zenye tundu kichwani. Siku za mazoezi, tia za kawaida zenye uzito ule ule. Hayo ndiyo uliyoniuliza. Lakini neno lililonishika katika barua yako si .45 wala .380. Ni plaiwudi, na nitalirudia.

Huyo jamaa wa .45 hakukudanganya kwa makusudi, maana maneno hayo yanarithiwa. Risasi ya .45 (hiyo ni sehemu ya inchi, upana wa milimita 11 hivi) ni nzito kweli, gramu 15 hivi, karibu mara mbili ya ile ya milimita 9, nayo huenda polepole, kama mita 260 kwa sekunde. Jeshi la Marekani liliibeba tangu 1911 na sifa ya kuangusha watu imeifuata tangu hapo. Sasa fikiri nami. Nguvu inayompiga aliye mbele yako haiwezi kuzidi ile inayorudi mkononi mwako. Kama wewe mfyatuaji hukupeperushwa, naye hapeperushwi. Anayeanguka papo hapo amepigwa penye ubongo au uti wa mgongo, au ameanguka kwa hofu na maumivu. Waliobaki huacha kushambulia pale tu damu inapowapungua, na hilo huchukua sekunde kadhaa hata kama moyo wenyewe umetobolewa. Mtu mwenye panga hufika mbali kwa sekunde kadhaa.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema na risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi ikaingia kifuani, lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana na kuua. Baada ya hapo FBI wakaamua kwamba risasi yao ilikuwa ndogo. Wakahamia milimita 10, wakaiona inarusha mikono ya maafisa wengi, wakashuka hadi ile ya .40 iliyotoka 1990, na katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9. Walirudi kwa sababu mbili: vichwa vya risasi vilikuwa vimetengenezwa vyema zaidi, na maafisa wao walikuwa wakilenga vizuri zaidi na haraka zaidi kwa milimita 9. Safari ile ya karibu miaka 30 waliilipia wao, wewe huna haja ya kuianza upya.

Nilikuwa na mwanafunzi, mtu wa makamo, kifua kipana, mikono ya baharia, aliyekuja uwanja wa shabaha na .45 yake mpya. Risasi zake zote zilikuwa zikichimba mchanga chini ya shabaha. Alilaumu bastola. Nikachukua magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, nikachanganya risasi bandia tatu kati ya zile za kweli bila yeye kuona ziko wapi. Ilipofika zamu ya risasi bandia, bastola haikulia, lakini mtutu ulitumbukia chini kama mvuvi aliyevutwa na samaki. Mkono wake ulikuwa ukiuogopa mshindo kabla haujatokea. Tulifanya zoezi hilo wiki nyingi kabla hajaponyeka, na aliponyeka kwa kutumia milimita 9. Muombe mwalimu wako akufanyie vivyo hivyo, hata ukihisi huna hofu.

Kuhusu kile kibastola cha mfukoni nitakuwa mkali zaidi. Bastola ndogo hufikiriwa kuwa ya mwanafunzi na kubwa kuwa ya fundi. Ni kinyume. Wepesi wake hufanya mshindo ukupige kiganjani kama kofi. Mpini hushika vidole viwili tu. Vilengeo vyake, cha mbele na cha nyuma, viko karibu mno, hivyo kosa dogo la macho huwa kosa kubwa mbele. Halafu risasi ya .380, yenye gramu 6 hivi na mwendo mdogo, haina nguvu ya ziada. Ukiitia yenye tundu, mara nyingi hutanuka na kusimama mapema. Ukitia ya kawaida, huzama vyema lakini hutoboa tundu dogo. Wapo wanaoibeba kwa busara, lakini ni watu waliokwisha kufyatua maelfu ya risasi. Wewe bado.

Rivolva ya .38, ile bastola ya silinda inayozunguka, sitaizungumzia sana. Ni silaha nyofu, risasi tano au sita, haina magazini ya kukwama, lakini triga yake, yaani kifyatulio, ni nzito. Anayeipenda sina ugomvi naye.

Basi ya milimita 9 ya aina gani? Hapa Kenya jina utakalolisikia kwanza ni Ceska, na wengi huliita hivyo kila bastola ya Kicheki. Ile maarufu, CZ 75, ilitoka Czechoslovakia mwaka 1975: ya chuma, karibu kilo moja, tulivu mkononi kwa sababu ya uzito huo huo. Mfyatuo wake wa kwanza ni mrefu na mzito ikiwa nyundo, kile kichuma cha nyuma kinachogonga, iko chini, inayofuata ni mifupi na myepesi. Lazima ujifunze triga mbili. Glock 19 ni ya plastiki ngumu na chuma, gramu 600 hivi ikiwa tupu, risasi 15 kwenye magazini, na triga yake ni ile ile kila mara. Haina kufuli la usalama la pembeni. Yaani kinachozuia ajali ni kidole chako kukaa nje ya triga na ala ngumu inayoifunika triga yote. Mimi wanafunzi wapya huwaelekeza kwenye aina hii ya pili, kwa kuwa mtu aliyeshtuka hukumbuka jambo moja vizuri kuliko mawili. Lakini usinunue kwa jina. Hakikisha ni tupu, angalia mara mbili, fumba macho, inyanyue kuelekea ukutani mahali palipo salama, kisha fumbua. Kama vilengeo vimekaa sawa bila wewe kuvirekebisha, mkono wako umeipenda. Kidole kifike kwenye triga kwa ncha yake, bila kunyoosha wala kukunja sana.

Bastola iliyotumika si mbaya, ila sisi tunaishi na chumvi. Niliwahi kununua bastola ya zamani yenye rangi nyeusi ya kuvutia, ing'aayo kama kaniki mpya. Nilipofungua vibao vya mpini nyumbani, chini yake palikuwa na kutu iliyokwisha kula chuma kama mdudu anavyokula mbao. Muuzaji alikuwa ameifuta kwa nje tu. Hivyo mwambie aliyeishika afungue vibao mbele yako, na atoe mtutu uuchungulie kwenye mwanga.

Chumvi hiyo haitakuacha hata ukinunua mpya. Kusi likivuma, hewa ya Kisauni inalowesha kila kitu, na jasho la kiuno ni baya kuliko hewa. Futa bastola kila jioni uliyoibeba kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kidogo, nasisitiza. Mafuta yakimiminika kwenye risasi huingia polepole kwenye fataki iliyo kitakoni, ile inayowasha baruti, na kuiua, na hutajua mpaka siku utakapoihitaji. Risasi hukaa kavu daima. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala usiiache bastola yenyewe humo, maana gari ndilo sanduku rahisi zaidi kuvunjwa mjini.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawasemi. Kila ukitoa risasi ya juu na kuirudisha chemba (nyuma ya mtutu, inapokaa risasi iliyo tayari) usiku na asubuhi, kichwa chake hugongwa na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Baruti ikibanwa, msukumo wake hupanda kupita kiasi na waweza kuipasua bastola. Ilinganishe risasi hiyo na mpya, bega kwa bega. Ikiwa imefupika hata kidogo, itenge. Na risasi za kubeba zibadilishe kila mwaka. Zile za zamani zimalizie uwanjani.

Sasa kichwa cha risasi. Ya kawaida imevikwa shaba pande zote, haibadiliki umbo, hupita. Ndiyo ubaya wake kwa raia: inaweza kumpita aliyekushambulia na kuendelea na safari kwa mama muuza mihogo aliye nyuma yake. Yenye tundu hufunguka ikiingia mahali penye maji kama mwili, ikapanuka kutoka milimita 9 hadi 13 au zaidi, ikapunguza mwendo, na aghalabu ikabaki humo. Watu huiita ya kikatili, na kweli Azimio la The Hague la 1899 liliwakataza askari kutumia risasi za kutanuka vitani. Lile lilikuwa sharti la vita baina ya majeshi. Polisi wa nchi nyingi huzibeba kwa sababu ya mpita njia, na mpita njia wako ndiye ninayemfikiria.

FBI hupima risasi kwa jelatini, kitu laini kinachoigiza mwili, na hutaka izame kati ya sentimita 30 na 45. Chini ya hapo haifiki penye maana, juu ya hapo imetoka upande wa pili. Hupima pia kupitia nguo nzito, kwani tundu likijaa pamba ya koti halifunguki. Hilo la makoti kwetu ni dogo. Anayekuvamia Kongowea amevaa fulana. Kwenye pakiti utakuta uzito kwa greni: 115, 124, 147, yaani gramu 7.5, 8 na 9.5 hivi. Chukua 124 ya kampuni yenye jina, na uhakikishe angalau magazini tatu za risasi hizo hizo zimepita kwenye bastola yako bila kukwama kabla hujazitegemea. Bastola nyingine huzikataa baadhi ya risasi zenye tundu kwa sababu ya umbo la pua. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mwenye leseni na uangalie cheti chako, maana cheti ndicho kinachotaja aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Usizidishe hata moja.

Turudi kwenye plaiwudi. Risasi yenye tundu ikipita kwenye mbao, tundu lake hujaa vumbi la mbao. Likijaa, halifunguki tena. Kuanzia hapo inakwenda kama ya kawaida, nzima, kali, na imepungua mwendo kidogo tu. Unaona tatizo? Ile risasi uliyoichagua ili imlinde mwanao, ikikosa shabaha na kupita kwenye ule ubao, ni sawa na ile uliyoikataa. Hakuna pakiti popote duniani yenye risasi inayomsimamisha mtu lakini inasimama yenyewe kwenye plaiwudi. Wala kwenye mabati, wala makuti, wala mlango wa kawaida wa mbao. Ukuta wa mawe ya matumbawe au matofali mazito ya saruji mara nyingi huizuia ya bastola, ila nao una kisa chake: kwenye vichochoro vya Mji wa Kale risasi ikigonga jiwe kwa mshazari huruka ikateleza na ukuta hadi mwisho wa njia. Mji wetu umebanana. Kila unapoelekeza mtutu, nyuma yake pana mtu.

Kuibeba kwenye kanzu nako kunahitaji fikra. Mfukoni bila ala ni ajali inayongoja funguo ziguse triga. Kiunoni chini ya kanzu nzima hutaifikia, utabaki ukikusanya nguo huku umekwisha kupigwa. Wengine hupasua mfuko wa ubavuni ili mkono upite hadi kwenye mkanda mgumu uliovaliwa ndani. Inafanya kazi ukiizoea ikiwa tupu mara mia kadhaa. Siku za kubeba mauzo ningevaa suruali na shati lililoachiwa nje. Lakini, ndugu yangu, ningefanya kwanza la kupunguza hayo mauzo mkononi: malipo kwa M-Pesa, fedha taslimu zipelekwe benki mchana kwa saa zisizofanana, na kufunga duka mkiwa wawili, mmoja akitazama barabara. Waliokuvamia mara mbili walijua saa yako. Saa hiyo unaweza kuibadilisha kesho.

Sheria nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa umekwisha kuipitia kwenye maombi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinafuata misingi ya sheria ya Uingereza iitwayo common law: nguvu uliyotumia iwe ya lazima na ilingane na hatari. Aliyekuelekezea panga shingoni ni hatari ya uhai. Aliyekimbia na mkoba wa fedha anakupa mgongo, na kumpiga risasi mgongoni si kujilinda. Mwache aende. Cheti nacho si mali ya milele. Unakumbuka Desemba 2018 raia wote wenye silaha walivyotakiwa kukaguliwa upya. Ulevi, ugomvi wa nyumbani, au kuitoa ili kumtisha dereva wa matatu vyote vinatosha kukupokonya. Na cheti ni chako peke yako. Silaha haiazimwi, hata kwa mke. Kama mkeo anataka, aombe kwa jina lake na afunzwe kama wewe.

Hivyo basi sefu. Ya chuma, iliyofungwa ukutani au sakafuni kwa bolti, ya namba, na namba hiyo waijua wewe tu. Si chini ya mto, si juu ya kabati. Watoto wanajua kila kilicho juu ya kabati. Ukifika nyumbani bastola inatoka kiunoni inaingia sefu kabla hujavua viatu.

Wakija usiku, usitoke chumbani kuwatafuta. Wakusanye watu wako kwenye chumba kimoja, funga mlango, piga 999 au 112, na kaa kwenye kona ambayo mtutu ukielekea mlangoni hauelekei kwa mwanao wala kwa jirani. Kwa nyumba ulivyoieleza, kona hiyo kwa sasa huna: mlango wa chumba chako unatazama sebuleni, na sebuleni pana ule ubao, na nyuma ya ubao kijana amelala.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kutazama bastola, mwite fundi wa matofali. Akijenga ukuta badala ya plaiwudi, vyema. Ikiwa mwenye nyumba hakubali, au sakafu ya ghorofa haibebi uzito huo, mhamishie kijana chumba cha wadogo zake, upande wa ukuta wa nje, hata kama atanung'unika. Fanya hilo wiki hii. Bastola ingoje.